Miche Iliyooteshwa Ndani

Soma Marko 6:7-13, 30-32. Kwa nini Yesu aliwatuma wanafunzi wakati Yeye mwenyewe bado yuko nao?

Mkulima wa nyanya katika nchi za baridi kali angeelewa. Yeye husia mbegu ndani ya nyumba, wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhamishia miche bustanini. Penye joto la kutosha mbegu huota kwa siku 5 hadi 10, na hapo kazi huonekana kama imekwisha. Lakini mche wenye mwanga hafifu wa dirishani hurefuka upesi, shina jembamba, umepauka, umeinamia kioo. Asiyejua huusifu kwa urefu wake. Ukitolewa nje kwa ghafula, jua na upepo huunguza majani yake, na huenda ukafa.

Kwa hiyo mkulima huitoa miche kivulini kwa saa moja au mbili, kisha huirudisha ndani. Kesho yake huongeza muda. Hufanya hivyo kwa siku 7 hadi 10.

Wale Kumi na Wawili walitumwa wawili wawili, wakionywa kwamba kuna mahali hawatapokelewa. Kisha walirudi kwa Yesu, wakamweleza yote, naye akawaita wapumzike. Msalaba ulikuwa bado mbele yao.

Kuna makanisa yanayombatiza mtu siku ya Sabato, na Jumatatu yanamwacha peke yake mbele ya mwajiri anayemtaka kazini Sabato ijayo. (Mengine, kwa kumhurumia, hayampi kazi yoyote mwaka mzima.)

Katika kanisa lenu, nani amebatizwa karibuni? Nani atakwenda naye, na akirudi atamweleza nani?