Waacheni Watoto Waimbe na Kucheza



Tumewasikia wazazi wengine wakisema: "Pale chekechea ya kanisa watoto hawasomi, wanaimba na kuruka tu." Wengine wamekwisha kuwarudisha nyumbani. Tunawaelewa. Mzazi aliyeacha shamba lake kule Fizi anaona daftari na kalamu kuwa ndiyo mali pekee atakayomwachia mtoto. Lakini tuketi kwanza, tulitazame Neno.

Musa alipokaribia kufa, watu wakiwa bado njiani, Mungu alimwagiza aandike wimbo na kuwafundisha Waisraeli, ili uzao wao usiusahau (Kumb. 31:19-22). Kitabu cha torati kiliwekwa kando ya sanduku la agano; wimbo ulitembea na watoto. Wengi wetu tuliofika hapa Nyarugusu mwaka 1996 tunajua jambo hilo: vitabu vilibaki nyuma, nyimbo tulifika nazo.

Sasa mtazameni mtoto wa miaka minne. Anapopiga makofi akiimba ba, ba, ma, ma, sikio lake linatenga silabi, na siku mwalimu atakapoziandika ubaoni hazitakuwa ngeni kwake. Vidole vinavyofuata wimbo vinapata nguvu ya kushika kalamu. Akisimama ngoma inaponyamaza, anajifunza kusikiliza na kungoja, jambo ambalo fimbo haijui kulifundisha. Na yule ambaye nyumbani husema Kibembe tu, hukiimba Kiswahili kabla hajathubutu kukisema.

Wako pia waliofika wakiwa wamenyamaza kwa hofu. Hatuahidi kwamba wimbo utaponya yote. Hata hivyo, mtoto asiyeweza kusimulia aliyoyaona anaweza kumshika mwenzake mkono katika duara.

Wazee wengine wanasema kucheza ni mambo ya dunia. Ngoma za ulevi hatuzitetei. Lakini Mikali alimdharau Daudi akiwa dirishani (2 Sam. 6:16), nasi hatutaki kukaa kwenye dirisha lile.

Waliohamishwa Babeli walitundika vinubi vyao (Zab. 137), na zaburi hiyo haiwakemei. Mama aliyefiwa asilazimishwe kuimba. Ila asimnyamazishe mtoto wake.

Jumatatu tunaanza saa 2 asubuhi. Leteni makopo matupu ya kutengenezea ngoma. Bibi au babu anayejua wimbo wa kwao wa kuhesabu, tafadhali aje aufundishe. Kuandika nako kupo: baada ya nyimbo, kwa kidole, mchangani.