Mwombaji Aseme Nini Juu ya Watu Wake?

Miongoni mwa maswali ya maadili yanayowakabili vijana wetu wa vyuo vikuu, liko moja ambalo halijadiliwi sana madarasani, labda kwa sababu huonekana kuwa jambo la karatasi na mihuri tu. Nalo ni hili: kijana anapoandika barua ya kuomba nafasi ya kwenda kusoma kwa muda katika chuo kikuu cha nchi nyingine, ana haki ya kusema nini juu ya nafsi yake, na juu ya watu waliomlea?

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Kuna msaada wa masomo, na kuna mabadilishano ya wanafunzi. Vijana 81 walioruka kutoka Nairobi kwenda Marekani mwezi Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, walikuwa wa aina ya kwanza. Nchi zetu wakati ule zilikuwa na nafasi chache mno za elimu ya juu, nao wakaenda kuitafuta kwa wenye nayo. Mabadilishano ni kitu kingine. Mwanafunzi wa mabadilishano hubaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake. Huenda kwa muhula mmoja au miwili, na kwa kawaida wenyeji hawamtozi karo. Kabla hajaondoka, vyuo viwili hukubaliana kwa maandishi juu ya masomo atakayoyasoma, ili yahesabiwe atakaporudi. Na upande wa pili, mwanafunzi wa huko naye ana nafasi ya kuja huku. Hivyo ndivyo ulivyoanza mpango wa Erasmus baina ya nchi za Ulaya mwaka 1987, na tangu 2015 mlango wake umekuwa wazi kwa vyuo vingi vya nje ya Ulaya, vya Afrika vikiwamo.

Mwalimu wa sarufi atatusaidia hapa. Kitenzi kubadilishana kina kiambishi cha kutendana, na kiambishi hicho hudai pande mbili. Mtu hawezi kubadilishana peke yake, kama asivyoweza kusalimiana peke yake. Anayekwenda kwa mabadilishano, basi, amekwisha kuhesabiwa kuwa mtu mwenye kitu mkononi. Je, barua yake hukiri hivyo?

Nitaeleza kisa kimoja nilichokishuhudia, kwani ndicho kilichonifanya niandike. Binti mmoja niliyemfundisha katika shule ya sekondari, na ambaye sasa yuko mwaka wa pili wa masomo ya historia katika chuo kikuu, alikuja nyumbani kwangu wakati wa likizo. Baada ya shikamoo na habari za safari, akatoa karatasi mbili. Alikuwa akiomba nafasi ya muhula mmoja katika chuo kikuu cha Ujerumani. Matokeo ya mitihani yalikuwa tayari, pasipoti tayari, cheti cha lugha tayari. Ilibaki barua ya kueleza nia yake, naye alitaka niisome na kuisahihisha.

Barua ilikuwa imeandikwa vizuri. Aya ya pili ilisema kwamba mwandishi amelelewa na bibi fukara, asiyejua kusoma wala kuandika, katika mji mdogo wa mkoa wa Tanga ambako elimu haithaminiwi, na kwamba yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wake kushika kalamu.

Mimi namfahamu bibi huyo. Ni kweli kwamba hakupata kukaa kwenye dawati la shule ya serikali. Walakini alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na huko alijifunza herufi za Kiarabu. Kwa herufi hizo huandika Kiswahili. Yeye ni kijumbe wa upatu: wanawake 24 humletea fedha kila mwezi, naye huandika katika daftari lake nani ametoa, nani anadaiwa, na zamu ni ya nani. Nimeliona daftari hilo kwa macho yangu. Fedha za vitumbua alizouza kwa miaka mingi ndizo zilizomsomesha huyu binti. Mtu huyo, katika barua ya mjukuu wake, amekuwa mtu asiyejua kusoma wala kuandika.

Nilipomwuliza kwa nini, binti hakuona haya. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, wenzangu wote wanaandika hivi. Wanaosoma hizi barua wanataka kusikia shida. Na kisha, maandishi ya bibi si yale wanayoyauliza wao."

Jibu hilo si la kipumbavu, wala sipendi msomaji alipuuze. Ni kweli kwamba fomu nyingi huuliza juu ya hali ya kipato cha familia, na ni haki ziulize, maana bila swali hilo nafasi zote zingechukuliwa na watoto wa wenye nacho. Ni kweli pia kwamba bibi yule ni maskini. Kuutaja umaskini si aibu. Ni kusema kweli. Kosa liko mahali pengine. Binti alikuwa na maneno mawili ya kusema juu ya bibi yake: kwamba hana fedha, na kwamba hana kitu. La kwanza lilikuwa kweli. La pili lilikuwa uongo, naye aliliandika kwa sababu alidhani ndilo lenye bei.

Hapa wazee wetu watatupinga kwa upande mwingine kabisa. Watasema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwao hata ile barua yenyewe ni utovu wa adabu, kwani mtu mwenye malezi hasimami mbele ya watu akahesabu sifa zake. Nina hakika kwamba sehemu ya matatizo ya vijana wetu katika kuandika barua hizi yatoka hapa. Mtoto aliyefundishwa miaka ishirini kwamba kujisifu ni ufidhuli, leo aambiwa na fomu aeleze kwa maneno 500 kwa nini yeye anafaa kuliko wenzake. Hawezi kujisifu, basi hukimbilia kujidhalilisha. Na kwa kuwa kujidhalilisha peke yake hakutoshi, huwadhalilisha na jamaa zake.

Katika historia yetu tulipata kujaribu njia nyingine. Mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma, iliamua kwamba kijana amalizapo sekondari asiende moja kwa moja chuo kikuu. Afanye kazi kwanza kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha aombe, na maombi yake yafuatane na maelezo ya mwajiri na ya Chama juu ya tabia yake na bidii yake. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye. Wazo lililokuwa ndani yake lilikuwa la kwetu hasa: mtu asijisemee, asemewe na waliofanya kazi naye. Lakini kusemewa nako kuna hila zake. Msimamizi mwenye chuki aweza kumzibia kijana njia kwa sentensi moja. Na sisi walimu, tuseme kweli, ni mara ngapi tumeandika kwamba mwanafunzi fulani ni "hodari, mwaminifu na mtiifu", maneno yale yale kwa wote arobaini, mpaka yakakosa maana? Mimi ni mmoja wa wenye kosa hilo.

Basi kujisemea hakuepukiki, na kila mwombaji lazima atafute namna ya kusema kweli bila majivuno. Nadhani njia ipo. Mtu aweza kuacha kueleza yeye ni bora kiasi gani, akaeleza amekabidhiwa nini: ni kazi gani amepewa na watu wakamwamini, amejifunza nini kwa nani, na ni swali gani linalomsumbua ambalo jibu lake lingemfaa yeye na wengine. Maneno ya namna hiyo hayamwaibishi mtu mwenye adabu, kwani ndani yake wanatajwa watu wengi, naye yumo miongoni mwao tu.

Lakini kuwa na kitu cha kutoa hakutoshi, ikiwa upande wa pili hautaki kujua kimetoka kwa nani. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Hakwenda kama mwenye njaa ya elimu. Alikwenda na elimu yake. Mwaka 1903 kikachapishwa huko Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi yake. Jina lililobebwa na jalada lilikuwa la Carl Velten, mkusanyaji. Mtoro alioa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurejea pwani, watawala wa kikoloni hawakumruhusu kushuka pamoja na mke huyo. Akarudi Ujerumani, akafa Berlin mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu kile, aliyoifanya J. W. T. Allen, ilipotoka mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likawekwa mahali pa mwandishi. Miaka 78 ilikuwa imepita.

Nilimsimulia binti kisa hicho jioni ile. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa mimi, Mwalimu, nikimwita bibi yangu mtu asiyejua kuandika, si nimelifuta jina lake mwenyewe, kabla hata sijafika huko?" Sikuwa na la kuongeza. Niliongeza habari tu. Nilimweleza kwamba katika maktaba za vyuo vya London na Hamburg zimetunzwa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwamba chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wake, ambao orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Wapo wataalamu wanaotumia miaka kujifunza kuzisoma hati kama zile anazoziandika bibi kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya fedha za upatu. Binti, ambaye anasoma historia, hakuwahi kujifunza kulisoma daftari la nyumbani kwao.

Hapo ndipo nilipoona kwamba aibu ile haikuwa yake peke yake. Nani alimfundisha kwamba kusoma ni kusoma herufi za Kirumi tu? Ni sisi. Nilikaa naye darasani miaka minne, wala sikumwuliza hata siku moja kwao wanaandika nini.

Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na chakula kwa wengine. Akitokomea nacho, amewasaliti. Mfano huo tumeukariri mashuleni, na ni wa haki. Yeye mwenyewe alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, na miongoni mwa alivyotupa baadaye ni tafsiri ya tamthilia ya Julius Caesar ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1963. Lakini mfano huo unamhusu zaidi yule wa msaada kuliko yule wa mabadilishano. Mtu wa mabadilishano hadaiwi kurudi na mzigo tu. Adaiwa pia kwenda na mzigo. Wageni waliokuja Zanzibar kujifunza Kiswahili TAKILUKI tangu miaka ya mwisho ya 1970, na wanaoendelea kuja katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, huja na nyimbo zao, mapishi yao na vitabu vyao, nao hupenda kutueleza habari za bibi zao. Sijamsikia hata mmoja akijitambulisha kwamba ametoka kwa watu wasio na kitu.

Nisije nikaeleweka kwamba pande hizi mbili ziko sawa. Haziko sawa hata kidogo. Kijana wa Ulaya hupata viza kwa urahisi, na wetu hupanga foleni akiwa na karatasi za benki za mtu mwingine; nauli yao ni mshahara wa siku chache, yetu ni ng'ombe wa ukoo. Fomu huandikwa na wao, na maswali ni yao. Sina dawa ya hayo katika insha hii. Nasema tu kwamba barua ndiyo sehemu pekee ya safari hiyo ambayo kila neno lake huchaguliwa na mwombaji mwenyewe.

Binti aliichukua karatasi yake, akakaa nayo kwa bibi yake siku nne. Aliporudi, aya ya pili ilikuwa mpya. Ilieleza upatu wa wanawake 24, daftari lake, na herufi zake. Ilikiri kwamba mwandishi ameanza juzi tu kujifunza kulisoma, na kwamba anataka kwenda kuziona hati zilizoko Ujerumani akiwa tayari anajua angalau za nyumbani kwao. Umaskini ulitajwa kwa sentensi moja. Nami nikaandika maelezo yangu juu yake, na safari hii sikutumia neno "mtiifu".

Mwaka ule hakupata nafasi. Nilijiuliza usiku mwingi kama si mimi niliyemponza kwa kiburi cha mtu asiyesafiri, na kama ile barua ya kwanza isingemfikisha. Yeye hakunilaumu, aliomba tena mwaka uliofuata kwa barua ile ile, akakubaliwa.

Nilikwenda kumpongeza bibi. Alikuwa ameketi barazani na daftari lake mapajani. Alinisikiliza nikieleza maana ya mabadilishano, kisha akauliza, "Na wao, mwalimu, watatuletea nani?"

Nikamjibu kwamba sijui, na kwamba hayo hupangwa na vyuo vyenyewe.

"Basi tuambiwe mapema," akasema, "maana chumba cha nyuma hakina mlango."