Je, Mwenye Kukisia Akapata Amesema Kweli?

Iko kazi moja ya mikono ambayo huenda wengi wenu hamjapata kuiona. Katika nchi ya Uingereza, na katika nchi nyingine nyingi, wako watu wazima, wenye kazi zao na jamaa zao, ambao jioni huketi mezani wakiunda eropleni ndogo za plastiki, mfano wa zile zilizopigana katika Vita Kuu ya Pili ya 1939 hadi 1945. Mifano mingi ni midogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Ndege iitwayo Spitfire ilipata mita 11 na kidogo toka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili. Mfano wake haufiki shibiri moja. Kuunganisha vipande si shida kubwa. Shida ni rangi, na ndani ya shida hiyo mna swali litupasalo sisi sote.

Ndege za vita zilipakwa rangi za kuzificha, kama kware alivyovikwa rangi ya majani makavu. Ndege za Waingereza zilizolinda nchi yao katika mwaka wa 1940 zilikuwa na mabaka juu, mengine ya kijani iliyokoza, mengine ya udongo, ili adui aliye juu yake asizitambue upesi mbele ya mashamba na misitu. Chini, nyingi zilikuwa nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili, ili walinzi walio nchi kavu wajue kuwa ni zao. Kisha mwezi wa Juni 1940 ikaja amri ya kwamba chini zipakwe rangi mpya iitwayo Sky, maana yake Anga, nayo ilikuwa kijani hafifu sana inayofanana na yai la bata. Lakini rangi yenyewe haikutosha, na adui alikuwa karibu. Basi mafundi wa vikosi vingine wakachanganya walizokuwa nazo; nyingine zikatoka za kijani, nyingine za samawati. Mwezi wa Julai vita vikubwa vya angani vikaanza, vikaendelea hata Oktoba, na zaidi ya wanahewa 500 wa upande wa Waingereza wakafa.

Leo mtu ataka kuunda ndege ya kijana mmoja wa hao waliokufa. Aipake rangi gani chini yake?

Atawaita mashahidi, kama wazee wafanyavyo barazani. Shahidi wa kwanza ni amri iliyoandikwa. Lakini amri yaeleza lililotakiwa, si lililotendeka. Wa pili ni picha; lakini picha nyingi za siku zile ni nyeusi na nyeupe, na filamu za namna nyingine hazikuona rangi kama jicho lionavyo, hata manjano ikatoka kama nyeusi. Wa tatu ni kipande cha rangi ya zamani kilichohifadhiwa. Lakini rangi iliyochanganywa kwa mafuta hugeuka manjano ikikaa gizani miaka mingi, na bati lililofukuliwa limekwisha kuliwa na udongo. Wa nne ni mzee aliyeziona ndege hizo ujanani. Naye ni mwaminifu, lakini kumbukumbu nayo huchujuka kama kitambaa cha juani. Hata jicho la fundi mwenyewe si shahidi kamili. Mwanamke achaguaye uzi ndani ya duka lenye taa, akatoka nje akaona haulingani na nguo yake, ajua jambo hili.

Tena liko fumbo kubwa zaidi. Kutazama mfano huo ukiwa mbali mita 1 ni kama kuitazama ndege yenyewe ukiwa mbali mita 72, na vitu vilivyo mbali rangi zake hufifia kwa sababu ya hewa iliyo katikati, kama mlima wa kijani uonekanavyo wa samawati. Kwa hiyo mafundi wengine huongeza nyeupe kidogo, wasema kwamba rangi ile ile ya kiwandani ikipakwa juu ya kitu kidogo yaonekana nzito mno. Wengine wakataa: rangi ni ile ile, kuichanganya ni kuiharibu. Mmoja ashika kweli ya kopo, mwingine ashika kweli ya jicho, nao wagombana mpaka urafiki waingia ufa.

Sisi twaona makosa mawili hapa. Kosa la kwanza ni la yule asemaye, "Haidhuru, waliojua wamekufa, paka upendavyo." Huyo awadharau wafu, maana aona kwamba asiyeweza kujitetea hana haki ya kusemwa kwa kweli. Kosa la pili ni la yule asemaye, "Hii ndiyo rangi yenyewe hasa," naye hana shahidi. Labda mtu atauliza: Je, akiwa amepata? Twajibu kwamba rangi yake ni ya kweli, lakini neno lake si la kweli; kwa kuwa aliahidi ujuzi asiokuwa nao, na kupata kwake ni bahati. Na aliyewauliza mashahidi wote kwa bidii, kisha akasema, "Juu nimefuata amri na picha, chini nimekisia," huyo hata akikosa hakusema uwongo. Na wale wawili wa kopo na jicho, kila mmoja na aseme alichokifuata, ugomvi utakwisha.

Jambo hili si la ndege tu. Sisi walimu twajua jaribu lake: mtoto auliza, darasa zima latutazama, nasi twaona haya kusema hatujui, basi twatoa jibu kwa sauti kubwa. Pengine jibu huwa sawa, nasi twafurahi, kumbe tumemfundisha mtoto kwamba sauti kubwa ni ushahidi. Mzee aulizwapo habari za mpaka wa shamba hujaribiwa vivyo hivyo, na pale mtu aweza kupoteza urithi wake. Yatupasa tuzoee kuyatenga maneno yetu: haya nimeyaona, haya nimeambiwa na fulani, haya nadhani.

Fundi yule, chini ya bawa lisilofika shibiri moja, hupaka rangi yake polepole, kisha hugeuza mfano na kuandika kwa herufi ndogo yale aliyoyakisia. Hakuna atakayemlipa kwa maandishi yale. Lakini kijana aliyekufa mwaka wa 1940 hakusingiziwa neno.