Njia ni ya Nani?

Twajua ya kuwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam na Dodoma yapita Singida, kisha yaendelea Nzega hata Mwanza. Na ile ya Arusha, ipitayo Babati, hukutana nayo hapa kwetu. Malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo hupita usiku na mchana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yakataza gari kusimamishwa mahali lizuiapo wengine. Je, aivunjaye ametenda dhambi, au amekosa mbele ya serikali tu?

Mtu husema, "Nanunua mafuta ya alizeti, nitakawia kidogo tu, wala simdhuru mtu." Neno hilo laonekana kuwa la haki, maana hamwoni amdhuruye. Lakini na tumfikiri mama mwenye utungu, aletwaye kutoka Shelui kwenda hospitali ya Kiomboi. Hapo apandapo mlima Sekenke, lori moja lililosimamishwa kwenye kona laweza kuifunga njia. Mwenye lori hatamjua kamwe mama yule. Hata hivyo amemnyang'anya saa, na pengine saa hiyo ndiyo uhai wa mtoto.

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aifafanua amri ya tano, ikatazayo kuua, ya kuwa haitutaki tusimdhuru jirani tu, bali tumsaidie pia katika haja za mwili wake. Basi hata yeye ajaye nyuma yetu, tusiyemwona, ni jirani. Yule kuhani wa njia ya Yeriko alikosa kwa kutosimama; sisi twaweza kukosa kwa kusimama.

Wengine watajibu, "Dereva amechoka, wala hana mahali pa kupumzikia." Ni kweli: awekaye katazo imempasa kuonyesha na mahali palipo na ruhusa. Lakini uchovu wetu hautupi haki ya kumfungia mwingine njia.

Na tuanze katika nyumba ya Mungu. Siku ya Bwana pikipiki, bajaji na motokaa hujazana mlangoni, hata wazee wenye fimbo hupenya kwa shida. Wainjilisti na wazee wa kanisa na wachague upande wa kuingilia na upande wa kutokea, na mbele ya mlango paachwe wazi. Nasi, kabla hatujashuka garini, tugeuke tutazame nyuma, tukijiuliza: ni nani atakayepita hapa baada yetu? Bwana atusaidie.