Kamari Ikitolewa Pesa, Kinabaki Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim. 

Swali ninalotaka tulitafakari pamoja ni hili: kamari ikitolewa pesa, kinabaki nini? Wengi watajibu kwamba unabaki mchezo tu, na mchezo hauna neno. Jibu hilo lina nguvu yake, wala si la kudharauliwa. Mimi nimepata nafasi ya kulipima, si kwa vitabu peke yake, bali kwa bisibisi na waya.

Ninasoma uhandisi wa umeme mjini Nagoya, Japani. Ni katika mji huu ambapo Takeichi Masamura, baada ya Vita Vikuu vya Pili, alipanga misumari ya mashine ya pachinko kwa mtindo ulioenea nchi nzima. Pachinko ni sanduku lililosimama wima, lenye kioo mbele. Mchezaji anashika kirungu cha kuzungusha, na mashine inarusha gololi za chuma za milimita 11, hadi gololi 100 kwa dakika. Zinashuka zikigonga misumari. Nyingi zinapotelea chini, chache zinaingia kwenye tundu la katikati. Gololi ikiingia humo, tarakimu zinaanza kuzunguka kwenye skrini. Zikilingana tatu, mashine inamwaga gololi kwa mamia.

Sheria ya jinai ya Japani inakataza kamari, lakini kumbi za pachinko zimejaa. Vipi? Mshindi hapewi pesa ndani ya ukumbi. Anabadilishiwa gololi zake kwa zawadi ndogo, anatoka nayo, na karibu na hapo kuna kidirisha kinachoinunua kwa fedha taslimu. Mfanyabiashara wa tatu anainunua zawadi hiyo kutoka kidirishani na kuirudisha ukumbini. Pande tatu, na kila mmoja anasema yeye hachezeshi kamari. Waliosoma fiqhi ya biashara watakumbuka mara moja bai'ul-'ina: mtu anakuuzia kitu kwa mkopo, kisha anakinunua tena kwako kwa bei ndogo taslimu, na riba inapita katikati ikiwa imevaa kanzu ya biashara. Wanachuoni wengi wameikataa, kwa sababu jina likibadilika bila jambo lenyewe kubadilika, hukumu haihami.

Ninayekaa naye chumbani ni kijana wa kwetu Buyenzi, mwenye swala zake na adabu zake. Kwa miezi kadhaa posho yake ya masomo ilikuwa ikiishia katika kumbi hizo. Alipoamua kuacha, alinunua mashine iliyokwishatumika. Hapa zinapatikana kwa bei nafuu, kwa kuwa kumbi hubadilisha mashine mara kwa mara. Hoja yake ilikuwa wazi: "Kaka, nikicheza nyumbani sitaliwa hata yen moja. Mkono utapata shughuli yake, na mfuko utapona." Akaniomba nimsaidie kuiwasha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuvutia. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na mashine inahitaji volti 24, kwa hiyo tulitafuta transfoma. Ni nzito, haiwezi kusimama yenyewe. Tukaiundia fremu ya mbao. Ukumbini gololi huletwa kwa mitambo iliyofichwa nyuma ya safu za mashine. Nyumbani unazimimina mwenyewe kwa bakuli juu ya tangi. Sauti yake ni ya kuamsha mtaa, ikabidi tuipunguze.

Lakini baada ya yote hayo, ilikataa kurusha gololi hata moja. Mashine za aina hii ukumbini huungwa na kifaa cha kadi ya malipo, na kifaa hicho kisipokuwepo, hazifanyi kazi. Dawa yake ni bodi ndogo ya saketi inayoiambia mashine kwamba kifaa cha kadi kipo. Nilipoiunga, ikaanza kurusha. Nilikaa nikiitazama ile bodi. Pesa tulikuwa tumeziondoa nyumbani, lakini mashine haikukubali kucheza mpaka idanganywe kwamba zipo.

Jambo la pili nililiona kwa nyuma, upande ambao mchezaji wa ukumbini haufikii. Gololi inapoingia katika tundu, bodi kuu inachagua namba papo hapo, na matokeo yanakuwa yamekwisha kuamuliwa. Zile tarakimu zinazozunguka, muziki unaopanda, namba mbili zinazolingana huku ya tatu ikisitasita kana kwamba inataka kusimama, yote ni maonyesho ya hukumu iliyokwisha kutolewa. "Nilikosa kidogo tu" haipo. Kilichopo ni kukosa, kukapambwa.

Katika mashine yetu uwezekano wa kupata ni 1 kati ya 319. Mwenzangu aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mtu akishavuka majaribio 319 bila kupata, zamu yake imekaribia. Tukapiga hesabu: baada ya majaribio 319, takriban watu 37 kati ya 100 watakuwa hawajapata hata mara moja, na jaribio la 320 halijui lolote kuhusu yaliyotangulia. Mashine haina deni kwa mtu.

Sasa turudi kwenye swali. Mimi si mufti, na hukumu nawaachia wenye elimu yake. Ila tunajua kwamba wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i walitenganisha michezo hata inapokuwa haina dau. Sataranji, inayosimama juu ya fikra, Imam Shafi'i aliichukia bila kuiharamisha. Mchezo wa nardi, unaosimama juu ya dadu, walio wengi waliukataza, kwa sababu ya hadithi kali iliyopokewa na Muslim juu yake. Tena, katika Suratul Maida aya ya 91, Allah Subhanahu wa Ta'ala anataja madhara ya pombe na kamari: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Yeye na kuswali. Angalieni mpangilio huo. Uadui na chuki huja zaidi pale mmoja anapokula mali ya mwenzake. Kumsahau Mola hakuhitaji senti hata moja.

Kwa siku mbili mwenzangu alicheza bila kupoteza kitu, nami nikaanza kuona hoja yake inasimama. Usiku wa pili, baada ya Isha, tarakimu zikalingana. Gololi zikamwagika kama 1,500. Hakucheka. Alizitazama kimya, kisha akasema: "Kwa yen 4 kila gololi, hizi ni 6,000. Leo ningekuwa ukumbini!"

Hapo ndipo nilipopata jibu langu. Pesa zilikuwa zimetoka kwenye mashine, hazikutoka moyoni. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba anayemwambia mwenzake "njoo tucheze kamari" atoe sadaka, naye bado hajaweka dau wala hajatupa dadu. Neno peke yake limehesabiwa, kwa sababu linaonyesha moyo umeelekea wapi. Mashine ile haikumzuia kwenda ukumbini. Ilimfanyisha mazoezi ya kwenda. Nashukuru kwamba alilitambua mwenyewe. Asubuhi aliniomba nikate ile bodi ndogo, na tukabaki na transfoma nzuri ya volti 24.

Ndugu msomaji, huenda hutaiona pachinko maisha yako yote. Lakini simu unayo mkononi, na michezo ya kubahatisha humo inakukaribisha ucheze bure kwanza, kwa pesa za kuwazia. Hakuna mfanyabiashara anayegawa bidhaa bila sababu. Bure hiyo ni ile bodi ndogo, ila hapa anayefanywa aamini kwamba pesa zipo ni wewe. Inazoesha kidole kubonyeza na jicho kusubiri, na inauzoesha moyo kuhesabu ushindi ambao haupo. Mlango wa kulipa unakuja baadaye, na ukifika hapo umeshajifunza njia.

Sisemi tukimbie elimu ya mashine. Kuifungua na kuelewa inavyofanya kazi kulimfaa mwenzangu kuliko nasaha zangu nyingi, kwa sababu aliyeona nyuma ya sanduku hadanganyiki kirahisi na taa za mbele. Wanafunzi wa hesabu na kompyuta miongoni mwetu wana wajibu hapa: wakae na wenzao wanaobeti, wawapigie hesabu za uwezekano kwa upole, bila kuwaaibisha. Na kila mmoja wetu, anapoambiwa kwamba jambo halina ubaya kwa sababu halina pesa, ajiulize: moyo wangu unafanya mazoezi ya nini hapa?

Allah atukinge na yaliyo haramu na yanayotusogeza karibu nayo. Amin. Wallahu a'lam.