Je, Mwajiri Asiyejua Sheria ni Mwizi?

Kuna maswali ambayo ukiyatoa kwenye baraza ya kahawa watu hucheka kwanza, kisha wananyamaza. Hili ni mojawapo. Mwajiri asiyepeleka michango ya mfanyakazi wake inavyotakiwa kwa sababu hakujua kwamba sheria imebadilika, je, huyo ni mwizi? Ama ni mjinga tu? Na ujinga wenyewe, je, ni kosa la kuhukumiwa mtu?

Ndugu msomaji, mimi ndoto yangu ni riwaya. Lakini riwaya bado hailipi kodi ya chumba, kwa hiyo mchana huwaandikia vitabu vya hesabu watu wenye biashara ndogondogo hapa Mombasa. Humo ndimo nilimolikuta swali hili, nalo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hebu tumchukue mfanyakazi wa Kenya wa shilingi 20,000 kwa mwezi. Januari 2023 alikatwa 200 za NSSF na 750 za NHIF, basi. Kufikia mwisho wa 2024 alikatwa 1,200 za NSSF, 550 za bima mpya ya afya, na 300 za ushuru wa nyumba. Upande wa mwajiri ndio ulioruka juu zaidi. NSSF na ushuru wa nyumba naye hulipa sawa na mfanyakazi wake, kwa hiyo zile 200 zake zikawa 1,500 kwa kila kichwa. Zidisha kwa watu sita, uone kama mwenye kibanda atalala.

Na laiti ingekuwa ni kupanda tu! Sheria ya NSSF ilipitishwa 2013, ikakwama mahakamani karibu miaka kumi, hadi Mahakama ya Rufaa ilipoifungulia njia Februari 2023. Ushuru wa nyumba ulianza Julai 2023. Novemba mwaka uo huo Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha katiba, Januari 2024 ukasimamishwa, Machi ukarudi na sheria mpya. Bima ya afya nayo, Julai 2024 Mahakama Kuu iliikataa sheria yake, Mahakama ya Rufaa ikairuhusu iendelee, na Oktoba makato yakaanza kwa asilimia 2.75. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri atayafuata haya yote saa ngapi?

Namjua mama mmoja mwenye hoteli ndogo, hoteli ya chai na maharagwe, si ya watalii. Wafanyakazi wake wanakula pale pale na wakifiwa yeye ndiye wa kwanza kutoa nauli. Habari za makato alikuwa akizisikia redioni ndani ya matatu, nusu nusu. Mwanzoni mwa 2025 mpishi wake alimpeleka mtoto hospitali usiku, akaambiwa dirishani kwamba jina lake halina mchango. Mama bado alikuwa akifikiri mambo ni yale yale ya NHIF. Aliposikia alilia, akafungua kitambaa chake akatoa pesa zote zilizokuwemo. Sina shaka na roho yake. Lakini roho yake nzuri haikusomeka kwenye kompyuta ya hospitali, na aliyekesha kwenye benchi na mtoto mwenye homa hakuwa yeye.

Sasa mweke kando yake bosi mwingine, mwenye godauni, ambaye sitamtaja. Huyu hajapitwa na mabadiliko ya sheria hata siku moja. Anajua kwamba Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, basi si kibarua tena, ana haki za mwajiriwa wa mwezi. Kwa hiyo siku chache kabla ya mwezi kutimia anawaambia vijana, "Kapumzikeni, tutawaita." Wiki ijayo anawaita tena, hesabu inaanza moja. Hadaiwi na mtu. Ukimkagua vitabu vyake vinang'aa kama sahani ya harusi.

Ndiyo maana nakataa kauli ya wale wanaosema kwamba kuijua sheria ndio uadilifu wenyewe. Bosi wa godauni anaijua kumshinda mama wa hoteli mara mia. Anaijua jinsi mwizi anavyoijua ratiba ya mlinzi.

Yuko na wa tatu, ambaye kwake sina maneno mengi. Ni yule anayekata, karatasi ya mshahara inaonyesha amekata, lakini pesa anazizungusha kwanza kwenye biashara. Huyo ni mwizi, tusizunguke. Pesa ile ikishakatwa si yake, ni amana, na Sheria ya Ajira yenyewe imelifanya kosa la jinai.

Lakini tumrudie mama, maana ndiye anayenisumbua. Rafiki yangu mmoja husema, "Bwana wee, muonee huruma, serikali yenyewe haijui kesho itasema nini." Kweli. Ila mimi namuuliza: dereva wa matatu akituua kwa sababu breki zimekwisha, atasema hakujua? Tutamwambia kujua ndiyo kazi yake, kwa kuwa amebeba roho za watu. Nadhani wajibu wa kujua hutoka hapo. Mwajiri amepewa kisu cha kukatia mshahara wa mwenzake kabla mwenyewe hajauona. Aliyekishika kisu hicho ana deni la kujua, na deni hilo si la serikali, ni la mpishi.

Na serikali je? Serikali ni kama mtu anayehamisha alama za barabarani usiku, halafu asubuhi anawatoza faini waliopotea. Hiyo nayo ni dhuluma. Lakini dhuluma hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye sahani ya mfanyakazi.

Kuna wanaouliza mbona mfanyakazi naye asiulize. Sheria imempa haki ya kupewa maandishi yanayoonyesha makato yake, kweli. Lakini jaribu kuuliza mahali ambapo jina lako huitwa kila asubuhi getini. Kesho halitaitwa.

Wala tusiwaseme wenye magodauni peke yao. Vijana wengi tuliosoma, tukapata kazi za ofisini, tuna dada nyumbani anayelea mtoto na kufua. Agizo la 2024 liliweka mshahara wa chini wa mtumishi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa na Kisumu kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya posho ya nyumba. NSSF yake, ushuru wa nyumba wake, bima yake, vyote vinamhusu aliyemwajiri, sawasawa na kampuni. Yule rafiki yangu mwenye huruma nilipomwambia hivyo alishtuka. Wiki nzima alikuwa akimlaani bosi wake kwa kuchelewesha michango.

"Kwani na yule dada ni mambo ya NSSF?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Akanywa kahawa yake, akasema mambo ya dada ni ya mke wake.