Tunachuja Mbu, Tunameza Ngamia



Somo letu leo ni Mathayo 23:23-26. Yesu anawakemea waandishi na Mafarisayo: mbu wanamchuja kwa bidii, lakini ngamia anapita. Halafu anageukia kikombe kilichosafishwa nje tu.

Wiki iliyopita niliingia katika nyumba ya mshirika wetu mmoja hapa Pinetown (mama mwenyewe amenikubalia niseme). Mezani palikuwa na jagi la chujio, linang'aa, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Mtoto alikuwa kitandani, siku ya tatu anaharisha. Maji yalikuwa yamekatika, na yaliporudi yalitoka rangi ya chai. Wakayapitisha kwenye jagi, wakampa. Nikafungua kifuniko. Chujio halijabadilishwa tangu Pasaka, na ndani ya jagi pana utelezi wa kijani.

Sisi tuliotoka Goma tunaijua klorini. Pale ukingoni mwa Ziwa Kivu wapo watu wanaosimama na bomba la sindano, wanatia dawa katika bidoni za wanaochota. Harufu yake hatukuipenda, lakini ilikuwa mlinzi wetu. Maji ya bomba hapa eThekwini nayo yanatiwa klorini. Makaa yaliyo ndani ya chujio yanaiondoa harufu ile, yaani yanamfukuza mlinzi, na maji yakikaa siku nyingi penye joto vijidudu vinazaliana. Tena jagi la kawaida haliui vijidudu vya kuhara wala vya kipindupindu. Linatengeneza ladha.

Basi maji yakirudi machafu, yaacheni yatiririke mpaka yawe maangavu, myachemshe yatokote dakika nzima, yapoe kabisa, ndipo yaingie kwenye jagi. Jagi lioshwe kwa sabuni kila wiki na kuwekwa kwenye friji. Chujio libadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye boksi lake. Mengi ni mwezi mmoja hadi miwili. Najua bei yake. Asiyeweza kununua jipya alitoe la zamani, anywe maji ya kuchemsha bila aibu yoyote. Hayo ni salama kuliko yaliyopita kwenye chujio lililochoka.

Sasa tuje kwa ngamia.

Yule mama alikaa siku tatu kwa sababu aliogopa kliniki. Wapo kati yetu waliorudishwa mlangoni kwa ajili ya karatasi, kwa hiyo sikumlaumu. Lakini mjue: Sheria ya Afya ya Taifa ya mwaka 2003 inampa mtoto wa chini ya miaka 6 matibabu ya serikali bila malipo, na mwaka 2023 Mahakama Kuu kule Johannesburg ilisema haki hiyo ni yake hata kama wazazi hawana karatasi.

Nikamuuliza, mbona hukutuita sisi? Akainama. Akasema aliogopa kanisani watasema nyumba yake ni chafu.

Wapendwa, nilikosa la kujibu. Sisi tunaohesabu nani kachelewa ibada, nani kavaa nini, nani zaka yake imepungua, tumemfanya mama aone heri mtoto akaukiwe na maji kuliko sisi tujue. Na ngamia huyo nimemmeza hata mimi mchungaji wenu. Mwezi uliopita nilihubiri habari ya mavazi saa nzima. Habari ya huruma, ambayo Yesu anaitaja katika mstari ule ule wa zaka, sikuigusa.

Mtoto anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Mtoto akiharisha, mchanganyie lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa. Anywe kidogo kidogo huku mkienda kliniki. Namba yangu mnayo. Nipigieni hata saa nane usiku. Sitaangalia nyumba yako ikoje, na mlangoni pa kliniki tutasimama pamoja.